Jamvi na Mkono: Habari za Urushaji wa Kriketi Ng'ambo ya Mnazi Mmoja

Mtu atokaye Mchikichini akapita Kariakoo kuelekea baharini hana budi kuvuka uwanja wa Mnazi Mmoja, na uwazi ule haukuachwa kwa bahati: Wajerumani, walipougawa mji wa Dar es Salaam kwa kanuni za ujenzi, walikusudia utenge makazi ya Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu, na Waingereza waliowafuata wakauhifadhi mpango huo. Ndiyo sababu kandanda, isiyodai ila uwanda na mpira wa matambara, ilistawi upande wetu hata Young Africans ikaasisiwa mwaka 1935, ilhali kriketi ilibaki ng'ambo, kwa Wazungu wa klabu ya Gymkhana na jamaa za Kihindi. Nasikitika kwa hilo, kwa kuwa kurusha mpira wa kriketi hakutaki nguvu kama kunavyotaka mkono msikivu, na mikono ya namna hiyo haikukosekana katika mitaa yetu ya mafundi.

Kriketi ya Afrika Mashariki ilichezwa aghalabu juu ya jamvi, lililotandikwa juu ya udongo ulioshindiliwa au saruji na kukazwa kwa vigingi. Jamvi likivutwa likakaza, mpira huruka juu na kwenda kasi. Likilegea, mpira hupoa, ukauma nyuzi na kupinda zaidi. Basi mrushaji mwenye busara hulikanyaga jamvi na kulipima kwa unyayo kabla hajaushika mpira. Kisha yaja mambo ya vidole. Mshono ukisimamishwa wima, mpira hugeuka ghafula uangukapo. Upande mmoja ukisuguliwa hata ukang'aa na wa pili ukiachwa ukakwaruzika, hupinda ungali hewani. Na ukiachiwa mapema kidogo, hupanda na kukawia kushuka, hata mpigaji aliyekwisha kunyosha mguu akajikuta ametangulia. Shubiri moja tu ya mahali uangukapo huamua kama atapiga kwa raha au atajitetea.

Mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake walikuwamo Praful Mehta wa Tanzania na John Nagenda wa Uganda, mrushaji aliyekuwa pia mwandishi, ilikwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, na huko jamvi halikuwapo: palikuwa majani yaliyokatwa na ardhi yenye unyevu. Walishindwa mechi zote 3. Mjini Leeds, Juni 11, Bishan Bedi wa India aliwarushia ova 12, kila moja mipira 6, na 8 kati ya ova hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Jumla alitoa mikimbio 6, kwa mipira ya polepole.

Jibu la pwani lilikawia miaka 28. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 39 na aliyekwisha kustaafu kabla ya kuitwa tena, akiichezea Kenya aliirushia Australia mjini Durban, Machi 15, 2003, mipira 50 kwa mkono wa kushoto, polepole vilevile. Akatoa mikimbio 7 na kuwaondoa Ponting, Lehmann na Hogg. Kenya ilishindwa siku ile, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi alipewa yeye.