Majani Mawili na Chipukizi

Chai ililetwa Kenya kutoka India mwaka 1903, ikapandwa Limuru, na kwa takriban nusu karne ikabaki kuwa zao la walowezi. Mkulima Mwafrika alifunguliwa mlango na Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni. Ilipofika 1964, mamlaka ya chai ya KTDA iliundwa kusimamia chai ya wakulima wadogo. Huko Meru na Embu, zao hili lilishika ukanda wa juu wenye baridi na mvua, juu ya mashamba ya kahawa, hadi ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya. Leo majina kama Imenti, Kinoro na Githongo upande wa Meru, au Mungania, Rukuriri na Kathangariri upande wa Embu, ni majina ya viwanda.

Sheria ya kuchuma ilikuwa moja tangu mwanzo: majani mawili na chipukizi. Kwenye kituo cha kununulia, vikapu humwagwa, mkono wa karani hupita katikati ya majani, na yaliyokomaa hutupwa kando kabla ya mizani kuguswa. Mchumaji aliyeamka alfajiri huona kilo zake zikipungua.

Ukali huo una sababu. Machipukizi machanga yamejaa katekini, jamii ya kemikali za mimea ziitwazo flavonoidi, nazo hupungua jani likizeeka. Kiwandani, jani likishasagwa, katekini hukutana na hewa na kugeuka kuwa theaflavini, zinazoipa chai ung'avu na ule ukakasi wa ulimini. Mwingereza E.A.H. Roberts alieleza mengi ya mageuzi haya katika miaka ya 1950. Waonjaji wa mnada wa Mombasa, uliohamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969, huupima ung'avu huohuo kwa jicho na ulimi. Kwa hiyo mkulima wa Meru ameuza flavonoidi miaka yote hii, ingawa risiti yake imeandikwa kilo tu.

Mwaka 2011 watafiti wa Kericho walitoa aina ya TRFK 306, chai ya zambarau, baada ya kazi ya takriban miaka 25. Rangi yake ni ya anthosiyanini, nazo ni flavonoidi pia. Ikikamuliwa limau, kinywaji hugeuka waridi.

Maabara nazo zimeuliza swali jingine: flavonoidi hizi, chungu na zinazoharibika upesi, zitahifadhiwaje? Jibu mojawapo ni siklodekstrini, iliyogunduliwa na Mfaransa Villiers mwaka 1891 katika wanga. Ni pete ya glukosi, saba katika aina ya beta, iliyo wazi kama mzinga wa gogo usio na vifuniko: nje hupatana na maji, ndani huyakwepa. Katekini huingia humo na uchungu hupungua ulimini. Nguvu ya mshiko hukadiriwa kwa kuongeza siklodekstrini kidogo kidogo kwenye katekini na kufuatilia jinsi mchanganyiko unavyofyonza mwanga au joto lake linavyobadilika. Namba inayopatikana ikiwa kubwa, mshiko ni imara. Katekini zenye kundi la atomi liitwalo galoili kwa kawaida hushikwa kwa nguvu zaidi kuliko zisizo nalo.

Vipimo vya flavonoidi vinastahili kufanywa karibu na mashamba. Kaunti za Meru na Embu, pamoja na vyuo vikuu vilivyo huko, zianze kupima jani kwa kilichomo ndani yake, na malipo ya mkulima yafuate kipimo hicho.