Maneno ya Ukutani

Siku hizi hukosi kuona maadili ya kampuni yamebandikwa mapokezi. Nikiyaona hukumbuka Mwongozo wa TANU wa Februari 1971. Sisi wanafunzi wa ualimu tuliukariri kwa ajili ya mtihani. Wafanyakazi wa viwandani waliusoma kwa makini zaidi yetu. Ibara ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu, nao wakaishika kama ahadi. Kati ya 1971 na 1973 waligoma mahali pengi, mara nyingine si kwa ajili ya mshahara bali kwa matusi ya meneja. Wako waliomfungia meneja nje ya lango. Wakubwa hawakupendezwa na wasomaji wa namna hiyo, na baadhi ya wafanyakazi walifukuzwa.

Baadaye, nikiwa mkuu wa chuo, nami nilibandika ubao: heshima, uwazi, bidii. Rangi nilichagua mwenyewe. Asubuhi moja nilimfokea mpishi mbele ya wanachuo kwa sababu ya uji kuchelewa. Hakunijibu. Aliutazama ubao, kisha akanitazama mimi, akarudi jikoni.

Jioni nilimfuata huko.