Marufuku Iliyogonga Mwamba

Kwenye steji ya Timau makanga anapiga kelele, "Bado mmoja twende Meru!" na gari ni tupu. Hakuna anayemwita mwongo. Kila mtu anajua hatoi habari, anaita abiria.

Kabla sijaacha chuo, hilo ndilo somo la isimu lililonishika: kusema ni kutenda. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin alilifafanua mwaka wa 1955 kwenye mihadhara yake Harvard, Marekani. Kuna maneno ambayo ukiyatamka tu umeshatenda: kuahidi, kufungisha ndoa, kupiga marufuku. Lakini yana masharti. Asemaye awe ndiye anayefaa kusema, na utaratibu wenyewe uwe unakubalika kwa watu. La sivyo, ni kelele tu.

Mwaka uliofuata, masharti hayo yalijaribiwa huku kwetu Meru. Aprili 1956, Njuri Ncheke, baraza la wazee lililotambuliwa na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Wazee walikubaliana kwa kauli moja. Kwenye karatasi, mambo yakawa yameisha.

Wasichana wakajibu kwa neno moja: Ngaitana. Yaani, "nitajitahiri mwenyewe." Ni ahadi na ukaidi kwa pamoja, na tena halimtaji mama wala ngariba. Wakaanza kukatana wenyewe kwa wenyewe. Katika miaka mitatu hivi, zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuvunja amri ile.

Sitetei wembe. Mwili ulioumia ni wa msichana, si wa mzee aliyetoa amri. Ninachouliza ni kwa nini tamko la wazee wenye heshima kiasi hicho halikushika. Nadhani jibu liko kwenye masharti ya Austin. Njuri ni baraza la wanaume. Tohara ya wasichana ilisimamiwa na wanawake wazee, na ndio waliomtoa msichana utotoni. Isitoshe, ilikuwa enzi ya Hali ya Hatari, na nyuma ya wazee wale watu waliona mkono wa mkoloni.

Leo ukeketaji unakatazwa na sheria ya Bunge ya 2011, na wazee bado hutoa matamko. Nikiyasikia huuliza kwanza: akina mama na wasichana walikuwa kikaoni, ama wameletewa tu habari?