Jinsi ya kunakili DVD bila kupoteza maandishi ya viziwi

Na Mwandishi Wetu

MTU anayehamishia DVD zake kwenye kompyuta kwa kawaida hukagua mambo mawili tu: picha inaonekana na sauti inasikika. Akiridhika, diski hutupwa kabatini au hugawiwa jirani. Kwa familia yenye kiziwi, ukaguzi huo hautoshi. Filamu iliyokuwa na maandishi ya mazungumzo inaweza kutoka katika kazi hiyo bila hata neno moja, na kompyuta isitoe onyo lolote.

Chanzo cha tatizo ni kwamba DVD zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani zinaweza kubeba maandishi ya aina mbili, ilhali programu nyingi za kunakili zinaitambua aina moja tu.

Aina ya kwanza ni manukuu ya kawaida. Haya, ingawa yanasomeka kama herufi, kwa hakika ni vipande vya picha vinavyobandikwa juu ya filamu. DVD moja inaweza kuwa na hadi njia 32 za manukuu, na mtazamaji huchagua lugha kwa menyu ya diski au kwa kitufe cha rimoti.

Aina ya pili, ambayo ndiyo kiini cha makala haya, ni maandishi fiche, yanayotambulishwa kwa herufi CC nyuma ya jalada. Hizi ni herufi halisi zilizogeuzwa kuwa namba na kufichwa ndani ya mkondo wa picha wenyewe. Katika menyu ya diski hayaonekani kabisa. Deki ikicheza filamu, huzichukua namba hizo na kuzipeleka kwenye televisheni kupitia mstari wa 21 wa mawimbi ya picha, sehemu ya juu ambayo mtazamaji haioni. Televisheni ndiyo inayozirudisha kuwa maneno.

Utaratibu huo ni mkongwe kuliko DVD. Mwaka 1972, kituo cha WGBH cha Boston kilirusha kipindi cha mapishi cha The French Chef kikiwa na maandishi yaliyoonekana na kila mtazamaji. Mwaka 1976 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ikautenga mstari wa 21 kwa ajili ya maandishi ya kufichwa, na Machi 16, 1980 vipindi vya kwanza vya kawaida vyenye maandishi hayo vikaanza kurushwa. Wakati huo kiziwi alilazimika kununua kifaa cha pembeni cha kuyasoma. Sheria iliyopitishwa mwaka 1990 ndiyo iliyoondoa mzigo huo, kwa kuagiza kwamba kuanzia Julai 1993 kila televisheni ya inchi 13 au zaidi inayouzwa nchini humo iwe na uwezo huo ndani yake. DVD zilipoingia Marekani mwaka 1997, ziliukuta mfumo umekamilika, zikaurithi.

Tofauti kati ya aina hizi mbili haiishii kwenye ufundi. Manukuu ya kawaida mara nyingi hutungwa kwa mtu anayesikia lakini hajui lugha, hivyo hutoa mazungumzo peke yake. Maandishi fiche hutungwa kwa asiyesikia. Hueleza kwamba mlango unagongwa, kwamba simu inalia chumba cha pili, kwamba muziki umebadilika. Mara nyingi maneno huwekwa kushoto au kulia mwa skrini ili msomaji ajue ni nani anayezungumza. Aidha, zipo DVD za Marekani, hasa za tamthilia za televisheni, ambazo hazina manukuu ya Kiingereza kabisa na maandishi yake pekee ni hayo ya CC. Yakipotea hayo, yamepotea yote.

Hupotea vipi? Mara nyingi ni katika kubana. DVD ya kiwandani yenye matabaka mawili huchukua gigabaiti 8.5, wakati diski tupu ya kawaida huchukua 4.7, hivyo watu walizoea kuipunguza filamu ili ienee. Siku hizi hubanwa ili iingie kwenye simu. Katika kazi hiyo programu huifumua picha na kuifuma upya kwa mtindo mwingine, na namba zilizojificha kando ya picha huachwa nyuma kama programu haikuandaliwa kuzibeba.

Njia salama kuliko zote ni kutobana chochote. Nakili diski nzima kama ilivyo, ama katika faili moja la ISO au kwa kuhifadhi folda yote ya VIDEO_TS pamoja na mafaili yake ya VOB, IFO na BUP. Usiyadharau yale madogo ya IFO. Ndiyo yanayoiarifu deki kwamba picha inabeba maandishi ya mstari wa 21. Kwa ukubwa wa diski ngumu za sasa, ubahili wa gigabaiti nne hauna maana tena.

Anayetaka faili moja la filamu anaweza kutumia programu kama MakeMKV, ambayo huuhamisha mkondo wa picha bila kuufuma upya.

Ikiwa ni lazima kubana, basi maandishi yatolewe kwanza. Programu ya bure ya CCExtractor husoma mafaili ya VOB na kuyaandika maneno yote katika faili la SRT, ambalo ni maandishi ya kawaida yenye saa ya kila sentensi. Hapa ndipo wengi hukosea. Faili la VTS_01_0.VOB ni la menyu, lisichanganywe na filamu. Yanayofuata, yaani VTS_01_1, VTS_01_2 na kuendelea, ni filamu moja iliyokatwa vipande visivyozidi gigabaiti moja, na sharti yasomwe kwa mfululizo. Ukitoa maandishi ya kila kipande peke yake, saa zitaanza upya na maneno hayatalingana na picha. Diski yenye sehemu kadhaa za tamthilia huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa sehemu zote zinaweza kuwa zimepangwa mfululizo katika mafaili hayo hayo. Afadhali kuitenga kila sehemu kwanza.

Faili la SRT likipewa jina lile lile la filamu na kuwekwa folda moja nayo, programu ya VLC hulifungua yenyewe. Linachopoteza kwa kawaida ni ule mpangilio wa kushoto na kulia. HandBrake nayo huweza kuyageuza maandishi fiche kuwa njia ya maandishi ndani ya filamu mpya, au kuyachapa moja kwa moja juu ya picha. Mwandishi wa makala haya hapendekezi kuyachapa, kwani kosa likigunduliwa baadaye halifutiki.

Kuthibitisha nako kuna mtego. Waya wa HDMI haubebi mstari wa 21, hivyo deki iliyounganishwa kwa waya huo inaweza isionyeshe kitu hata kama diski ni nzima, isipokuwa iwe na uwezo wa kuyasoma maandishi yenyewe. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki waliotumiwa DVD na ndugu walioko Marekani, kikwazo ni kingine. Televisheni za hapa zilitengenezwa kwa mfumo wa PAL, na kwa kawaida hazikuwekewa kisomaji cha mstari huo. Ukiona alama ya CC kwenye jalada na skrini haina neno, usihitimishe kwamba diski ni mbovu. Icheze kwenye kompyuta kwa VLC, fungua orodha ya manukuu, kisha chagua Closed captions 1. DVD za PAL zenyewe hazina mstari huo. Maandishi ya viziwi, kama yapo, huwekwa kama manukuu ya kawaida.

Lipo pia suala la sheria. Filamu nyingi za kiwandani zina kufuli la CSS, na nchini Marekani sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998 inakataza kulivunja. Agosti 2009, mahakama ya shirikisho mjini San Francisco iliizuia kampuni ya RealNetworks kuuza programu yake ya kunakili DVD nyumbani. Msamaha uliotolewa mwaka 2018 uliziruhusu ofisi za vyuo na shule zinazohudumia wenye ulemavu kuvuka kufuli ili kuongeza maandishi kwenye filamu za masomo, lakini haukumgusa mtu binafsi sebuleni kwake.

Nakala ikishakamilika, itazame mwanzoni, katikati na dakika za mwisho, sauti ikiwa imezimwa. Ni vyema kazi hiyo akapewa yule asiyesikia, maana mwenye masikio huyajaza mapengo bila kujua. Diski ya asili isiondoke nyumbani kabla ya hapo.