Kobayi anayeugua muda mrefu: majani kwanza, dawa kisha

Kobayi, anayeitwa pia dende, na simbilisi huko Tanzania, alitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Leo anafugwa nyumba nyingi za Kivu, jikoni ao ndani ya sanduku la mbao, na mara nyingi ni watoto njo wanamtunza. Watu wakikimbia vita, ng'ombe anaweza kubaki nyuma. Kobayi anaingia ndani ya kikapo. Lakini kobayi anaweza kuugua miezi mingi, akikonda polepole. Sababu tatu zinaonekana sana.

Kiseyeye. Mwili wa kobayi hauwezi kujitengenezea vitamini C, sawa na mwili wa mtu. Mbuzi, sungura na kuku wanajitengenezea. Kobayi anahitaji karibu miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Mgonjwa na mwenye mimba wanahitaji zaidi. Akikosa majani mabichi kwa majuma mawili ao matatu, viungo vinavimba, anakataa kutembea, fizi zinatoka damu. Chakula kilichopikwa hakitoshi, kwani moto unaharibu ile vitamini. Kipande kidogo cha pera na majani mabichi ya kila siku, kama matembele, vinasaidia.

Upele. Vidudu visivyoonekana kwa macho vinachimba ngozi. Mnyama anajikuna bila kupumzika, nywele zinatoka, na akizidiwa anashikwa na degedege. Dawa ni ivermektini, lakini kipimo cha mbuzi kinaweza kumuua: veterineri apime uzito kwanza. Dawa inarudiliwa kisha siku 7 mpaka 14, kwa sababu haiui mayai ya vidudu. Nyasi za kulalia zichomwe.

Meno. Yanakua maisha yote. Bila nyasi ngumu za kutafuna yanarefuka, mate yanatiririka, na mnyama anashindwa kula hata kama iko na njaa. Veterineri anaweza kuyapunguza, lakini nyasi njo zinazuia yasirefuke tena.

Mahali pia pana kazi yake. Kwenye milima ya Masisi, baridi na upepo vinaleta ugonjwa wa mapafu. Sanduku liinuliwe kutoka chini na likingwe upande wa upepo. Kwenye joto na unyevu wa msitu wa Walikale, nyasi za kulalia zibadilishwe mara kwa mara.

Hatari kubwa iko farmasi. Wengine wanafungua kapsule ya amoksisilini ya watu na kumpa kobayi. Hiyo dawa, pamoja na ampisilini na penisilini, inaua vijidudu vizuri vya tumbo lake. Anaharisha na kufa kisha siku chache.

Mgonjwa apimwe uzito kila juma na namba iandikwe kwenye daftari. Akipitisha siku nzima bila kula, hiyo ni dharura. Mwenye upele atengwe, lakini asikie sauti za wenzake, kwani kobayi hazoei upweke.

Kwa familia iliyokimbilia kambini, fungu moja la majani mabichi kwa siku linaweza kumlinda kuliko kapsule yoyote.