Aliyelala Chini ya Gari

Land Rover ya babu imesimama chini ya mkaratusi, nje kidogo ya Eldoret, tangu mvua zianze. Ni Series III, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya lita 2.25, na imenizidi umri. Oili inadondoka. Breki ukikanyaga mara moja hazishiki. Ukipampu mara tatu, zinashika. Baba mdogo anasema iende gereji na bili tuigawane kama familia. Mimi niliyeacha kozi ya uinjinia mwaka wa pili, na sasa naishi kwa kuandika, nilisema nitaitengeneza mwenyewe. Tumebishana wiki tatu. Katika wiki hizo nimesoma historia zaidi ya nilivyofungua nati, na hiyo ni tabia yangu ya kitambo.

Gari lenyewe liliniunga mkono. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, ambako alitumia Jeep iliyobaki baada ya vita. Akataka kampuni yake iunde ya kwao. Tarehe 30 Aprili 1948, Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam. Chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Ndiyo maana ukiona Land Rover kuukuu huku kwetu, bodi haijashika kutu ilhali chesi chini yake imeoza kama jino. Madigadi yamefungwa kwa boliti: unayafungua, unayanyoosha kwa nyundo, unayarudisha. Mteja aliyekuwa akilini mwao ni mkulima mwenye spana, anayeishi mbali na duka.

Eldoret ilijaa wakulima wa namna hiyo. Makaburu wa msafara wa Van Rensburg walifika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908: meli hadi Mombasa, treni hadi Nakuru, kisha magari ya kukokotwa na ng'ombe kupitia misitu na matope. Gurudumu likivunjika hapo katikati, fundi ni wewe. Mji uliochipuka ukajulikana kama 64, namba ya shamba (wazee bado wanasema Sisibo), kabla ya kupewa jina Eldoret mwaka 1912. Reli ilifika 1924.

Lakini ukisikia mkulima alikuwa anatengeneza mwenyewe, uliza huyo mwenyewe ni nani. Aliyelala chini ya gari mara nyingi alikuwa dereva au tanboi, mtu ambaye jina lake halimo kwenye logbuku. Babu alianza hivyo kwenye shamba la ngano, akishika taa na kupitisha spana. Hakuna aliyemfundisha kwa kumketisha. Aliangalia tu. Gari la jina lake alilipata 1986, kwenye mnada, nalo ni hili tunalobishania.

Aliacha daftari. Ni la shule, mistari myembamba, limelowa oili kona zote. Kila kazi aliyofanyiwa gari imeandikwa tarehe, na mbele yake neno moja: “mimi” au “gereji”. Nilidhani litanipa ushindi, kwa sababu “mimi” zimejaa. Oili, mimi. Grisi ya propela, mimi. Tapeti, mimi, na pembeni amenakili kipimo, inchi 0.010. Plagi, pointi, springi iliyokatika barabara ya Ziwa: mimi, mimi, mimi. Giaboksi ndiyo imeandikwa “gereji”, na kwenye mabano, “Kalasinga”.

Hiyo Kalasinga moja ina historia ndefu. Mafundi Masingasinga waliletwa na reli, na wengi walibaki wakafungua karakana zao katika miji hii. Vijana Waafrika waliajiriwa humo kwa kufagia na kubeba vyuma, wakaondoka na ujuzi kichwani. Mwaka 1967 serikali ilipitisha sheria ya leseni za biashara iliyowabana wasio raia, na mwanzoni mwa 1968 maelfu ya Waasia wakakimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa. Karakana zikapungua, ufundi ukabaki. Kenneth King, katika kitabu chake The African Artisan cha 1977, alifuatilia jinsi ujuzi ulivyotoka kwa mafundi wa Kihindi ukaingia kwa Waafrika, na kwao ukatoka chini ya mabati ukaenda juani. Jua kali. Kwa hiyo nikimdharau fundi wa kando ya barabara kwa kuwa hana cheti (nani mimi wa kuzungumzia vyeti), ninadharau chuo kilichofunza watu miaka mingi kabla Chuo Kikuu cha Moi hakijaanzishwa 1984.

Ukurasa ulioninyamazisha ni wa 1991. “Breki za nyuma, mimi.” Kisha hakuna kitu, miezi mitano. Kisha, kwa mwandiko wa kutetemeka, “Breki zote, gereji”. Tangu hapo, hadi mstari wa mwisho, breki na stelingi ni gereji tu.

Nilimpelekea baba mdogo daftari. Alitazama ile tarehe muda mrefu.

“Hukuambiwa babu yako alianza kuchechemea lini?”

Nilijua mguu. Sikujua kwamba ulivunjika kwenye mteremko wa kutoka Iten kwenda Tambach, wala kwamba baba mdogo, wakati huo kijana wa darasa la saba, alikuwa amekaa kando yake akimwona anapampu pedeli isiyorudisha kitu. Babu aliipeleka Land Rover ikasugue ukingo wa mlima badala ya upande wa bonde. Wiki tatu zote nilidhani tunabishana kuhusu pesa.

Basi tumegawana kama daftari linavyogawa. Ukikosea tapeti, injini itapiga kelele na utarudia kesho. Nimezipima, nimerudia mara mbili, sasa inanguruma vizuri. Oili nimebadilisha, ile sili ya nyuma ya krenki nitaivumilia, maana kuifikia ni kuondoa giaboksi na mgongo wangu siuamini. Spea bandia zimejaa madukani. Kwa breki sitanunua ya bei ya kutupwa, hata nikisubiri mwezi.

Breki nimempelekea fundi mmoja Langas, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Gereji kubwa ya mjini ilitaka kubadilisha kila kitu kabla ya kufungua hata gurudumu moja. Huyu alifungua kwanza. Silinda za nyuma zinavuja, pedi za ndani ya drumu zimelowa, kuna hewa kwenye mabomba.

“Kijana, wewe si ndiye ulikuwa unasomea injinia?” akaniuliza akiwa tayari chini ya gari.

“Niliacha, mzee.”

“Sawa. Panda, ukanyage pedeli nikikuambia. Usiachilie mpaka niseme.”

Baba mdogo alikuwa amekuja pia, ingawa hakuna aliyemwita. Alisimama mlangoni upande wa abiria, hakuingia.

“Kanyaga,” fundi akasema.