Askari wa Kwenye Picha: Sare Anayo, Cheo Anacho, Jina Hana!

Ukisimama Mtae, kwenye ukingo wa milima ya Usambara, tambarare ya Mkomazi yote iko chini yako. Vita ya Wajerumani na Waingereza ilipita ukanda huu. Novemba 1914 walipigana Tanga. Juni 1916 Waingereza wakaichukua Lushoto, enzi hizo ikiitwa Wilhelmstal.

Picha za vita hiyo bado zinashewa mtandaoni. Jamaa kasimama wima, kavaa kaki, kashika bunduki. Nyingi zilipigwa na Mjerumani Walther Dobbertin, na leo mkusanyiko wake uko kwenye Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Kamanda Lettow-Vorbeck anatajwa kwa jina. Huyu mwingine? "Askari" tu, basi.

Hata hivyo, picha yenyewe inaongea. Tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki kinachoshuka hadi shingoni? Huyo ni wa Mjerumani. Alama moja ya V mkononi ni ombasha, mbili ni shaushi. Kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, na beji ya kichwa cha kifaru? Hapo umeruka hadi vita ya pili: huyo ni wa KAR, aliyepelekwa Burma mwaka 1944.

Sare itakupa jeshi, cheo na miaka. Jina haitakupa. Na majina yamepotea kwelikweli: mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa vita ya kwanza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wapagazi, wale wale walioiachia Dar jina la Kariakoo.

Wengi wa waliowajua kwa sura askari wa 1914 wameshaondoka. Ila wa Burma, watoto wao bado wapo, sasa ni mabibi na mababu. Kama kwenu kuna picha ya hivyo, iwe Mtae au Mbagala, mpelekee mzee akiwa bado anaona vizuri. Muulize jina, ukoo, kijiji. Kisha geuza picha, uandike nyuma kwa penseli, taratibu. Ukiipiga kwa simu, piga pande zote mbili. Wengi wanapiga mbele tu, kumbe jina liko nyuma.